Pasi ya Mjerumani naipata, Ujerumani yenyewe je? (Walioko huko na mnaotaka kwenda pitieni hapa)

Mpare wa Halle
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite tu asije akanitukana huko chini.

Mi nipo Ujerumani tangu 2018, nilikuja kusoma nikamaliza nikapata kazi, sa hivi nakaa Halle huku mashariki na mke na mtoto mmoja, wa pili yuko njiani. Kodi nakatwa kila mwezi mpaka nikiangalia karatasi ya mshahara naona kama wamekosea. Kijerumani naongea. Sasa kuna hii sheria iliyoanza tarehe 27 Juni 2024, ukikaa miaka 5 badala ya 8 ya zamani unaruhusiwa kuomba uraia, na kubwa zaidi hutakiwi tena kuukana uraia wako wa kwanza. Mtihani wa uraia nishafanya, maswali 33, ukipata 17 umevuka, mi nilipata 31. Bahasha iko kabatini imekamilika, kilichobaki ni mimi kwenda na euro 255 ya ada.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Tunatafuta nyumba kubwa kidogo maana mtoto wa pili anakuja. Nimeandika maombi 47 kwenye mtandao, majibu matatu, yote "samahani imeshachukuliwa". Jamaa mmoja kazini akaniambia ngoja, akachukua maombi yangu yaleyale, mshahara uleule, akaweka jina lake la ukoo la Kijerumani. Jioni ileile wakamjibu njoo uione Alhamisi. Tukaenda wote wawili. Yule mama mwenye nyumba dakika ishirini nzima anaongea na mwenzangu, mimi nimesimama palepale. "Anaongea Kijerumani vizuri sana." "Na yeye huwa anapika vitu vyenye harufu?" Yaani YEYE, na mimi nipo hatua moja kutoka alipo! Nikamjibu mwenyewe kwa Kijerumani kwamba napika wali, akacheka vizuri tu, mama mpole kabisa, hana neno baya hata moja. Jumatatu ikaja barua pepe, nyumba imeshachukuliwa.

Kwaiyo najiuliza, hii pasi itanibadilishia nini wakati yule mama hata hakuniuliza pasi? Na upande wa pili, mi Mtanzania, siku nikiapa huku uraia wangu wa nyumbani ndo umekufa, sisi hatuna uraia pacha. Mke wangu ni Mkenya, yeye anachukua na wa kwake unabaki. Humo ndani ya nyumba ntakuwa mi peke yangu naomba viza ya kwenda kumsalimia mama.

Nishaurini.

Nyani Mzee
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Kijana wa Kisauni
Mzee chukua, usifikirie mara mbili. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilitufungulia hiyo njia, pole kwenu kwa kweli.

Mimi niko huku mkoa wa Nordrhein-Westfalen, nilikuja na Ausbildung ya unesi, miaka mitatu unasoma huku unafanya kazi unalipwa, sa hii nimemaliza niko nyumba ya wazee. Tangu Ruto na Scholz, kansela wao wa wakati huo, waweke sahihi ule mkataba wa wafanyikazi Berlin, Septemba 2024, kule Mombasa kila mtu anasoma Kijerumani, mpaka binamu yangu muuza viatu Kongowea anasema Guten Morgen. Mimi huwaambia ukweli, kazi iko, mshahara uko, upweke pia uko na huo hauandikwi kwa kontrakti.

Kazini tunacheka vizuri sana na hawa watu, tunasaidiana kubeba wagonjwa, tunakula keki ya birthday ya kila mtu. Saa ya kutoka ikifika, pale getini, kila mtu na njia yake. Miaka miwili na nusu hakuna hata mmoja aliniambia karibu kwangu. Nyumba ya kwanza ya Mjerumani mimi kuingia ilikuwa ya matanga. Kuna mama mmoja wa miaka 91 nilikuwa namhudumia usiku, alipofariki bintiye akanipigia simu akasema baada ya mazishi kuna kahawa nyumbani, mama angependa uwepo. Nikaenda nimevaa suti ya kuazima. Wakaniketisha na familia, wakanionyesha picha zake za usichana. Nilirudi kwangu nikalia na hata sijui nilikuwa namlilia nani.

Lakini hiyo haihusiani na pasi. Pasi chukua.

Msema Kweli wa Buguruni
Nyie diaspora mna kazi ya kulalamika. Mjerumani yuko kwake, nyumba ni ya kwake, anampangisha anayemtaka. Hapa Dar kuna Wahindi wa Upanga wamezaliwa hapa, babu yao kazaliwa hapa, na bado mnawaita wahindi. Warundi waliokimbia 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wamekaa miaka zaidi ya thelathini ndo serikali ikaanza kuwapa uraia, kama laki moja na sitini na kitu, na mpaka leo mtaani wanaitwa wakimbizi. Na wewe mwenyewe ukiwa na nyumba Kinondoni usiniambie huulizi mpangaji kabila gani.

Mpare wa Halle
@Msema Kweli hapo kwenye Wahindi umenibana mkuu, sina jibu. Ila hilo la "nyumba ni yake anampangisha anayemtaka" kwa huku sio sheria. Tangu 2006 wana sheria inayokataza kumbagua mtu kwa asili yake, dini, jinsia, ulemavu, umri, na nyumba imo. Shida ni kuthibitisha. Barua imesema imeshachukuliwa, utamshtaki nani?

Binti Maweni
Nimesoma nikacheka kwa uchungu. Mi mtu wa Tanga, nipo Hamburg mwaka wa kumi na tisa huu, nimezaa huku, nyumba nimeshahangaika nazo nikapoa. Hebu niseme la shule maana huko ndo wanapokukamata bila wewe kujua, na mtoto wako wa kwanza atafika.

Huku mtoto anasoma shule ya msingi miaka minne tu. Berlin na Brandenburg ndo wanaenda sita, kwengine kote ni minne. Mtoto ana miaka kumi hajaacha hata kunyonya kidole, mwalimu anaandika pendekezo, huyu aende Gymnasium ambako ndo njia iliyonyooka ya chuo kikuu, huyu aende kule kwengine. Kuna mikoa pendekezo ndo amri, kuna mikoa mzazi ana sauti, ila mzazi mgeni asojua anaona mwalimu kasema basi kasema, si ndo tulivofundishwa kwetu, mwalimu hapingwi.

Binti yangu alikuwa na alama nzuri kuliko mtoto wa jirani yangu Mjerumani, na nasema nzuri kuliko kwa sababu tulikaa tukalinganisha karatasi mezani kwangu. Yule kapendekezwa Gymnasium, wangu kaambiwa "nyumbani hatapata msaada wa kutosha". Msaada! Mi nimesoma mpaka chuo, ila mwalimu aliniona na mtandio wangu na lafudhi yangu akamaliza hesabu. Nilienda pale shuleni mara tatu. Mara ya tatu nikaenda na jirani yangu huyohuyo na ndo tukasikilizwa. Sa hivi binti yuko Gymnasium darasa la kumi na moja, hesabu anamfundisha mtoto wa jirani.

Na huyo kazaliwa hapahapa, kwa sheria ile ya mwaka 2000 kaipata pasi tangu yuko mchanga. Haimsaidii kwenye basi. "Unatoka wapi?" Altona, mtaa wetu wa hapahapa Hamburg. "Hapana, kwa kweli unatoka wapi?" Akaniuliza siku moja, mama, kwani Altona nadanganya?

Nesi Mtarajiwa
Samahani wakuu kutoka nje ya mada, hiyo Ausbildung mwisho wa umri ni miaka mingapi? Mi nina 34.

Kijana wa Kisauni
@Nesi Mtarajiwa haina mwisho kisheria, darasani kwetu tulikuwa na mama wa 45. Soma lugha kwanza, kiwango cha B1 au B2 ndo wanataka. Na usimlipe wakala pesa nyingi, wengi ni wezi.

Mkongwe wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Mimi mzee, wajukuu ndo wananifungulia hii simu, nisameheni nikiandika kwa urefu.

Nimekaa Leipzig katika miaka ya themanini, enzi za Ujerumani Mashariki. Zanzibar na wao tulikuwa damdam, walitutambua mapema sana 1964 na sisi tukawatambua, na hizi nyumba ninazokaa mpaka leo Kikwajuni wamejenga wao. Basi tulipokwenda kusoma tukapelekwa kwanza Taasisi ya Herder kujifunza lugha, kila taifa limo, Wayemeni, Wakyuba, Waangola. Kwenye mikutano tulikuwa ndugu. Mabango ya urafiki wa mataifa kila ukuta.

Lakini mimi niliwaona Wamsumbiji na Wavietnamu. Hawa walikuja kwa mkataba kufanya kazi viwandani. Walikuwa wanakaa mabweni yao peke yao, mlangoni kuna mtu anaandika nani kaingia nani katoka. Mwanamke akishika mimba anaambiwa achague, aitoe au arudi kwao. Wamsumbiji sehemu ya mshahara wao ilikuwa inakatwa, wakaambiwa mtaikuta nyumbani. Hawakuikuta. Mpaka leo wazee wale wanaandamana Maputo wakidai, wenyewe wanaitwa Madgermane, na wanabeba bendera ya nchi ambayo haipo tena duniani.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka kila mtu alishangilia, na mie nilishangilia. Mwaka mmoja baadae, Novemba 1990, kijana wa Kiangola Amadeu Antonio akapigwa na genge pale Eberswalde, akafa Desemba. Halafu Agosti 1992 Rostock, mtaa wa Lichtenhagen, wakachoma jengo la Wavietnamu, na watu wa kawaida, watu wazima na watoto wao, wamesimama chini wanapiga makofi. Wale wale tuliokuwa tunaitana nao ndugu mikutanoni. Mie nilikuwa nisharudi Unguja, nikaona kwenye tivii ya jirani, nikawa natafuta kama nitaiona sura ninayoijua pale kwenye ule umati.

Kwa hivo mwanangu wa Halle, mie naijua Halle hiyo. Udugu wa mabango nimeuona, ukafa siku moja. Mtu wa hapo wa kumsikiliza ni yule Msenegali Karamba Diaby, alikuja kusoma zama zetu hizo 1985, akabaki, mwaka 2013 akaingia bungeni. Na ofisi yake hapo Halle ikapigwa risasi 2020. Yote mawili ni Halle.

Binti Maweni
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kutafuta sura kwenye umati imenikaa.

Mtu wa Maktaba
Naongezea hapo kwa mzee, upande wa magharibi nao hawakuwa malaika. Waliita watu kwa mikataba, Italia 1955, Uturuki 1961, Moroko 1963, na wengine. Mkataba wa Waturuki mwanzoni ulikuwa miaka miwili tu mtu anarudi kwao anakuja mwingine, wenye viwanda ndo walilalamika kwamba kila wakimfundisha mtu kazi anaondoka, ikafutwa 1964. Mwaka huohuo wakampokea mgeni wa milioni moja stesheni ya Köln-Deutz, Mreno, wakampa zawadi ya pikipiki na maua. 1973 wakafunga mlango. Ila jina likabaki lilelile, "mfanyakazi mgeni". Mgeni wa miaka hamsini! Mtoto wake mgeni, mjukuu wake mgeni.

Mpaka leo mtu asiye na pasi yao wala ya nchi za Umoja wa Ulaya hapigi kura hata ya diwani, akae miaka arobaini alipe kodi miaka arobaini. Kuna mikoa ilijaribu kuwapa kura za mtaa, mahakama ya katiba ikaipiga chini 1990. Na hata aliyezaliwa huko, mkumbuke mchezaji Özil, mwenye asili ya Uturuki, alivyoacha timu ya taifa 2018, alisema tukishinda mimi Mjerumani, tukifungwa mimi mhamiaji. Kombe la dunia la 2014 kabeba huyo.

Sisi tuna mtu wetu kwenye historia hii na wengi hawamjui. Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, kapigana vita ya kwanza ya dunia kama askari wa Mjerumani akiwa mtoto. Baada ya vita akaenda Berlin kudai mshahara wake wa uaskari, wakamnyima. Akabaki, akawa weta kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu za kutukuza ukoloni maana watu weusi wa kuigiza walikuwa wachache. Akaoa, akazaa. 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Kuna kijiwe cha shaba na jina lake Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, watu wanapita juu yake na mifuko ya soko. Kule Neukölln nako mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa kikoloni, tangu 2021 unaitwa Lucy Lameck. Bi Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Moshi! Kwaiyo mtaa tunapata, nyumba ya kwenye mtaa ndo shughuli.

Msema Kweli wa Buguruni
Hahaha hiyo ya mwisho nimeikubali.

Mama Zuberi
Mi niko Stuttgart, mnaongea rangi tu, niseme langu. Mwanangu wa pili ana Down, ule ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Namshukuru Mungu yuko huku, dawa, mazoezi, kila asubuhi kigari kinakuja mlangoni dereva anajua na jina lake. Tanga kwa dada yangu angekuwa ndani.

Ila angalieni kigari kinampeleka wapi. Shule ya peke yao. Akimaliza, karakana ya peke yao, wako kama laki tatu nchi nzima kwenye hizo karakana, wanafunga maboksi na kuunga vipuri vya viwanda vikubwa, na malipo ni kidogo mno, hayafiki hata karibu na kima cha chini cha mshahara kwa sababu kisheria eti sio wafanyakazi. Ujerumani ina mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu tangu 2009, na bado nilipoomba mwanangu akae darasa la kawaida waliniangalia kama nimeomba mwezi. "Mama, kule atakuwa na raha zaidi." Wana upole, wana bajeti, wana kigari. Wanakutenga na kukufunga mkanda wa kiti. Kwetu Tanga wangemcheka, lakini angekuwa sokoni, kila mtu anamjua, anatumwa chumvi. Sijui lipi bora, sa nyingine usiku nawaza nakosa jibu.

Kipa wa Dortmund
Pole mama Zuberi.

@Mpare wa Halle, nikwambie siri ya hawa watu ilonichukua miaka sita. Mjerumani hakukaribishi chai. Anakupa zamu. Nchi ina vyama zaidi ya laki sita, vya mpira, vya bustani, vya kuimba, vya njiwa, zimamoto wa kujitolea. Wanaita Verein. Mi nilijiunga timu ya tatu ya mtaani, nadakia wazee wenye vitambi. Miezi nane hakuna aliyeniuliza kitu. Siku moja mwenyekiti kaniandika kwenye orodha, Jumamosi Kipa anachoma soseji saa nne mpaka saa nane. Nilikasirika nikaona wamenifanya mtumishi! Mke wangu ndo kanifungua macho, kaniambia huoni, juu yako kwenye orodha yupo daktari, chini yako yupo fundi bomba. Ukishapewa zamu umeshakuwa mtu. Na nyumba ninayokaa niliipata kwa yule fundi bomba, shangazi yake alikuwa anahama. Haikufika mtandaoni.

Binti Maweni
Kweli, ila usimdanganye mtu. Rafiki yangu alienda chama cha bustani, wakamwambia orodha imejaa, ilijaa miaka minne mfululizo. Na kwanini sisi tuchome soseji ndo tuonekane watu? Fundi bomba yeye alizaliwa mtu.

Kipa wa Dortmund
Hapo sibishi dada.

Mwanasheria wa Njiani
Nimechelewa kwenye uzi. Mleta mada, umeuliza pasi itakubadilishia nini, wote wamezunguka hakuna aliyekujibu. Uchaguzi wa Februari 2025 chama cha AfD, kile cha mrengo mkali wa kulia kisichotaka wahamiaji, kilipata asilimia 20.8, cha pili nchi nzima, na huko mashariki kwako kimeongoza mikoa yote mitano. Hawa ndo wenye neno lao la "kurudisha watu". Kibali cha kuishi, hata kile cha kudumu, ni sheria ya kawaida ya bunge, bunge likibadilika nacho kinabadilika. Mfano ule mteremko wa kupata uraia kwa miaka mitatu uliokuwepo kwenye sheria ya 2024 kwa waliofanya vizuri zaidi, Oktoba 2025 wameshaufuta. Lakini uraia ukishaupata kihalali, ibara ya 16 ya katiba yao inasema hauondolewi. Waliiandika 1949 kwa sababu Wanazi waliwavua Wayahudi uraia kwanza ndo yakafuata yale mengine. Wakikugundua ulidanganya kwenye maombi hiyo ni habari nyingine. Kwaiyo pasi sio ya yule mama mwenye nyumba. Ni ya ile siku mbaya.

Haikingi risasi, nasema mapema. Mji wa Hanau, Februari 2020, mbaguzi mmoja aliwapiga risasi akaua watu tisa wenye asili ya nje kwa usiku mmoja, wengine wamezaliwa palepale na pasi wanazo. Ila kati ya kuwa na hofu ukiwa na kura na kuwa na hofu huna, mi najua ningechagua ipi.

Mpare wa Halle
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, mtoto kazaliwa. Wa kike. Asanteni wote, mzee wa Kikwajuni shikamoo tena, nimempitia Bwana Diaby nikagundua mtaa anaokuja sana si mbali na kwangu.

Mtoto huyu kapata uraia wa huku siku aliyozaliwa kwa sababu mi nina miaka zaidi ya 5 na kibali cha kudumu. Mke wangu kashapeleka bahasha yake, miadi Februari. Mi nimempigia mzee wangu Same kabla sijapeleka yangu. Nikamweleza yote, la ibara ya 16, la kura, la nyumba. Akanyamaza sana, nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "lile shamba la tangawizi la Mamba Miamba tutaliandika jina la nani, maana mgeni haandikwi ardhi". Nikamwambia muandikeni dada. Akasema sawa. Hakukasirika, kasema tu sawa, na simu ikakata.

Bahasha nimeipeleka juzi.

Nyani Mzee
Hongera kwa mtoto mkuu. Na nyumba vipi, ulipata?

Mpare wa Halle
Bado. Leo asubuhi nimetuma maombi ya 53. Jamaa wa kazini alitaka tuweke tena jina lake, nimemwambia hili acha niweke langu.